Bibi Mary Ainsworth na Watoto wa Buganda

Msimu wa mpunga ukifika, watu wengi wa Ikwiriri hushuka mabondeni mwa mto Rufiji, wakakaa katika madungu ili kuulinda mpunga na ndege na nguruwe. Tangu watu walipohamishwa kutoka bondeni katika mwaka 1968 na 1969, mashamba yako mbali na nyumba. Basi watoto wadogo huachwa mjini kwa bibi zao, au kwa dada ambao wenyewe ni watoto. Je, mtoto wa miaka miwili aliyeachwa hivi huwa na hali gani moyoni? Yuko bibi mmoja aliyelichunguza jambo la namna hii maisha yake yote, naye alianza kupata jibu katika nchi ya jirani yetu, Uganda.

Mary Ainsworth alizaliwa mwaka 1913 huko Glendale, Ohio, nchi ya Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Hapo alisoma saikolojia, ndiyo elimu ya nafsi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1939. Wakati wa vita alitumika katika jeshi la wanawake la Kanada. Mwaka 1950 aliolewa, akaenda na mumewe London, akafanya kazi pamoja na Bwana John Bowlby, aliyewachunguza watoto waliotengwa na mama zao.

Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akamfuata. Akachagua nyumba 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu. Kila baada ya wiki mbili alikwenda na mkalimani, akaketi kama mgeni muda wa saa mbili hivi, akitazama na kuuliza. Zamani Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa. Lakini aliona kwamba wengi wamekwisha kuiacha.

Wataalamu wengi wa siku zile walidhani mtoto humpenda mamaye kwa sababu ya chakula tu. Bibi Ainsworth aliona zaidi ya hayo. Mtoto atambaaye humwacha mama, huenda kuchezea vitu, kisha hugeuka kumtazama au hurudi kumgusa, ndipo huenda tena. Mama ni kama gati, na mtoto ni kama mtumbwi: aijuaye gati yake haogopi kwenda mbali. Katika watoto wale, 16 walikuwa na utulivu. 7 walilialia hata wakipakatwa. Na 5 walikuwa hawajaonyesha bado kumpambanua mama na watu wengine. Mama aliyeweza kueleza habari ndogo ndogo za mtoto wake, huyo mara nyingi mtoto wake alikuwa mtulivu. Wala hakuona kwamba kulelewa na watu kadhaa, peke yake, kunamharibu mtoto.

Kisha alihamia Baltimore, Marekani, akawachunguza watoto wa huko kwa njia ile ile, akayakuta mambo yanayofanana. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960, wala hakujaliwa mtoto. Lakini hakuiacha kazi yake. Kitabu chake cha watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Alifariki Machi 1999, mwenye umri wa miaka 85.

Nasi tutafanya nini? Mwaka 2021 Tanzania ilianzisha programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Lakini programu haimpakati mtoto, mtu ndiye ampakataye. Mzazi aendaye shamba amwage mtoto wake, asimtoroke. Tena amwache kwa mtu yule yule kila mara. Mwalimu wa watoto wadogo asibadilishwe ovyo, wala asimkaripie mtoto aliaye mlangoni, kwa maana kilio hicho si utundu, bali anamtafuta mtu wake. Na siku za taabu, kama mafuriko yaliyoipata Rufiji mwaka 2024, tukihesabu magunia na mahema tukumbuke pia kuuliza: mtoto huyu, ni nani amjuaye? Asipokuwapo mtu, na apatikane mmoja wa kukaa naye, asiondoke upesi.