Siti binti Saad na Muziki wa Watu Wengine

 Juzi darasani wawili waligombana: taarabu ni ya Waarabu au ya Waswahili? Muda ukaisha kabla sijawajibu. Basi leo nawaletea maisha ya Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, watu wa nasaba ya utumwa. Yeye mwenyewe alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Lisome tena jina hilo, mwanangu. Akakua akiuza vyungu.

Siku hizo taarabu ilikuwa ya jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze muziki. Ukaimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Wengine wetu hapa Maskati ni wajukuu wa waliokaa viti vya mbele. Tusiwafiche watoto hilo. Aliyeitwa Mtumwa hakuwa na kiti.

Yapata 1911 akahamia mjini, Ng'ambo. Ali Muhsin, mpiga udi, akamfundisha kuimba. Akajifunza hasa, hata nyimbo za Kiarabu akaziweza. Kisha akautia muziki ule Kiswahili na habari za majirani: mwanamke aliyeuawa, wakubwa wasiotenda haki. Mahasidi wakamcheka kwa asili yake na vyungu vyake.

Je, aliiba cha watu? Mimi nasema hapana. Alikaa chini ya mwalimu, na wenye muziki hawakupungukiwa na kitu. Wao wenyewe wakawa wanamwita majumbani kwao, mpaka kwa Sultani.

Lakini mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay. Kampuni ya Waingereza, HMV, ikarekodi nyimbo zao, na santuri zikauzwa Afrika Mashariki nzima. Hapo ndipo ninapotaka mgombane: sauti ya mtu ikiuzwa mbali, mwenyewe apate fungu gani, na mpiga fidla wake je?

Siti alifariki Julai 1950. Bi Kidude, aliyemsikiliza akiwa mdogo, aliziimba nyimbo zake mpaka uzeeni, na hakuacha kumtaja.

Ijumaa tutasikiliza santuri yake. Mwenye bibi nyumbani aje naye. Na wale wagomvi wangu wawili watakaa benchi moja, mbele kabisa.