Patrice Lumumba: kura zilihesabiwa, bunduki ikaamua

Sisi wa Gety, kusini mwa Bunia, tunajua bei ya amani. Ni hapa kwetu, Februari 2020, serikali na kundi la FRPI walitia sahihi mapatano. Kila uchaguzi unapoleta mabishano, tunafaa kukumbuka maisha ya Patrice Lumumba, maana Ituri ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, ngome yake.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru, akasoma katika shule za misheni za Waprotestanti na za Wakatoliki. Akawa karani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1956 alikamatwa na kufungwa kwa sababu ya fedha za posta. Baadaye alihamia Léopoldville, na Oktoba 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa MNC, chama kilichotaka Kongo moja isiyogawanywa kwa makabila.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kilipata viti 33 kati ya 137: vingi kuliko chama kingine chochote, lakini havikutosha kutawala peke yake. Akaunda serikali pamoja na vyama vingine, na wabunge 74 wakaikubali. Tarehe 30 Juni tukapata uhuru.

Furaha haikudumu. Askari waliasi, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga na shaba yake, tegemeo kubwa la hazina ya nchi. Lumumba naye hakukosa lawama: Agosti, jeshi la serikali yake liliua raia huko Bakwanga.

Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimfukuza. Mabaraza yote mawili ya bunge yakapinga. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akawasimamisha wote kwa nguvu ya jeshi. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35. Mobutu alichukua urais mwaka 1965, akaushika hadi 1997.

Ndugu wapendwa, viongozi wawili walioshindwa kupatana walimfungulia mlango mtu wa tatu mwenye silaha, na nchi nzima ikalipa. Basi mgombea akija kwetu, tusimuulize barabara na kazi tu. Tumuulize pia: ukishindwa, utakubali? Na vijana wetu wajue kwamba kura inayobishaniwa hupelekwa mahakamani, si msituni.