George Hurst, Tembo na Pilipili

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mitunguu. Dada yangu alipakua ndizi kwa mchuzi wa mbuzi uliokolea pilipili, na mpwa wangu, mwanafunzi wa ualimu, akafungua Tusker huku akidai kwamba bia kwa pilipili ni jadi yetu Wameru. Sikuweza kulinyamazia dai hilo. Nikamsimulia habari za George Hurst.

Hurst alikuwa mlowezi wa Kizungu. Mnamo mwaka wa 1922, yeye na nduguye Charles waliasisi kampuni ya Kenya Breweries, na Desemba mwaka uo huo kreti 10 za kwanza zikapelekwa katika Hoteli ya Stanley, Nairobi. Hakujaliwa kuyala matunda ya jasho lake. Mwaka wa 1923, akiwa mawindoni, aliuawa na ndovu. Bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, kwa kumkumbuka. Ajabu ni kwamba chupani hakutiwa marehemu, alitiwa muuaji! Nami mwanaisimu siwezi kulipita neno hili: katika Kiswahili, tembo ni ndovu, na tembo vilevile ni kileo kigemwacho mnazini.

Basi jadi iko wapi? Bia ya Hurst haikukusudiwa meza kama ya dada yangu. Hadi miaka ya 1940, sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika kununua bia ya chupa. Wazee wetu walikuwa na pombe yao ya asali, iliyonywewa kwa taratibu, hasa katika shughuli za mahari. Hata pilipili yenyewe asili yake ni bara la Amerika.

Mpwa wangu alikubali historia ila akashikilia kwamba ladha zaoana. Hapo pia nilimpinga. Kile kiwashacho katika pilipili hakiyeyuki vyema majini, ilhali bia ni maji kwa sehemu kubwa. Ubaridi wake hupoza kwa kitambo tu, kisha mapovu huuchochea mwasho upya. Maziwa ndiyo yauondoayo.

Hakunijibu. Kufikia tonge la tano machozi yalikuwa yakimlengalenga. Aliisogeza chupa kando, akamwomba mamaye maziwa lala.