Alama ya E iliyomfunza Du Bois kuandika

Mwalimu anayesahihisha insha haishi kukumbana na mwanafunzi mwenye jambo zito la kusema, tena linalomchoma moyo, lakini ambaye sentensi zake zimevurugika kiasi cha kumchosha msomaji kabla ya ukurasa wa pili. Je, atuzwe kwa uzito wa hoja au aadhibiwe kwa ulegevu wa lugha? Kila nipatapo karatasi ya namna hiyo, humkumbuka William Edward Burghardt Du Bois.

Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mnamo 1885 alijiunga na Chuo Kikuu cha Fisk huko Tennessee, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Huko alihariri jarida la wanachuo, na wakati wa likizo alifundisha katika shule za mashambani. Mwaka 1888 aliingia Harvard, ambako shahada yake ya Fisk haikuhesabiwa kikamilifu, akalazimika kuanzia mwaka wa tatu.

Basi huyu hakuwa mwanagenzi wa kalamu. Sarufi aliijua na msamiati alikuwa nao tele. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake za uzeeni, wakati insha yake ya kwanza ilipotakiwa, seneta mmoja wa Alabama alikuwa amechapisha makala ya kuwatweza watu weusi. Kijana akamshambulia bila breki. Insha ndefu, yenye moto, ikarudi na alama ya E, alama ambayo mwanafunzi wa Kenya hahitaji kuelezwa maana yake.

Hajawahi kuanguka namna ile. Angeweza kudai kwamba anaonewa kwa rangi yake, na ushahidi haungemkosa: klabu ya waimbaji wa chuo ilimkataa, naye aliishi katika chumba cha kupanga nje ya mabweni. Lakini alizitenganisha hoja mbili. Aliona kwamba walimu wake hawakuelewa madhila ya watu wake. Hata hivyo, alikubali kwamba kuhusu lugha walikuwa wamempima kwa haki. Akajifunga kibwebwe, na kufikia mwisho wa muhula alikuwa amepanda hadi C. Du Bois alimsamehe msahihishaji huyo upesi. Mimi sina haraka hiyo, kwani mwalimu asiyejishughulisha na kile kinachomuuma mwandishi amesahihisha nusu ya kazi.

Mwaka 1890, akiwa tayari amepata shahada yake ya kwanza ya Harvard, alichagua kwa hiari somo la utungaji la Barrett Wendell, ambalo lilimdai mwanafunzi ukurasa mmoja kila siku, mbali na insha ndefu. (Wahadhiri wenzangu wenye madarasa ya mamia watacheka kwa uchungu.) Mwezi Oktoba aliandika insha ya kueleza kwa nini yuko pale: anao ujumbe kwa ulimwengu, na angependa kuufikisha vyema. Wendell aliipenda sentensi hiyo, akaisomea darasa zima.

Sidai kwamba somo moja lilimzaa mwandishi. Alisomea pia Berlin, na mwaka 1895 Harvard ikamtunuku shahada ya uzamifu. Lakini wanaohofia kwamba mafunzo ya utungaji huua hasira na wasome The Souls of Black Folk, kitabu chake cha 1903. Anapomkosoa Booker T. Washington, kiongozi mweusi aliyekuwa na nguvu kuliko wote wakati ule, anaanza kwa kumpa heshima zake, kisha anaijenga hoja hatua kwa hatua hadi msomaji hana pa kutokea. Anapoeleza kifo cha mwanawe mchanga huko Atlanta, hasira ipo, ila imebebwa na mpangilio wa sentensi.

Kalamu hiyo ndiyo iliyohariri jarida la The Crisis kuanzia 1910 hadi 1934. Nakala 1,000 za toleo la kwanza zilikuwa zimefikia takriban 100,000 kufikia 1919. Mwaka 1945 alikuwa Manchester katika Kongamano la Umajumui wa Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Mwaka 1961 alihamia Ghana kusimamia uandishi wa ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na umri wa miaka 95, kazi hiyo ikiwa bado mezani.