Ranganathan: Mkutubi Aliyefungua Makabati

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini kitabu kilichofungiwa kabatini huoza, hata kama karatasi zake ni nzima. Jambo hili nilichelewa kulifahamu. Nilipoanza ukarani katika maktaba ya chuo kimoja, nilijivunia funguo zilizoning'inia kiunoni mwangu. Msomaji aliandika jina la kitabu kwenye kikaratasi, akakipitisha dirishani, akangoja. Asiyejua jina la kitabu alirudi mikono mitupu. Nami nikajiona mlinzi hodari.

Siku moja walimu wawili wa chuo hicho, mmoja wa kilimo na mwenziwe wa utabibu, waligundua kuwa kwa mwaka mzima kila mmoja wao alikuwa akichunguza kichocho katika mashamba ya mpunga. Wote wawili niliwapa vitabu mimi, kwa dirisha lile lile, wala sikuwaambia neno. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute habari za marehemu S. R. Ranganathan.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1892 huko Shiyali, kusini mwa Bara Hindi. Hakuanzia maktabani. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika vyuo vya serikali, hadi Januari 1924 alipokuwa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Madras. Kazi hiyo ilimchosha mara moja. Alizoea darasa lililojaa vijana, na sasa akawa mpweke katikati ya vitabu. Akataka kurudi kufundisha, ila alishawishiwa aende kwanza Uingereza kujifunza.

Safari hiyo ilimgeuza. Alisoma University College London, kisha akazitembelea maktaba nyingi za nchi ile. Aliona wake kwa waume, wafanyakazi na watoto, wakihudumiwa sawasawa. Hapo akatambua kwamba mkutubi naye ni mwalimu, ila darasa lake halina kengele.

Aliporudi Madras mwaka 1925 alianza mageuzi. Aliwaruhusu wasomaji waingie wenyewe penye rafu. Akaongeza saa za kufungua. Akaweka wafanyakazi maalumu wa kumkaribisha msomaji, kumwuliza haja yake, na kumsaidia mpaka aipate. Mwaka 1931 alichapisha kanuni zake tano za ukutubi. Kiini chake ni kwamba kitabu hakikuwekwa kitazamwe, na mkutubi mwema humkutanisha msomaji na kile kinachomfaa pasipo kumpotezea wakati.

Lakini vitabu vipangwe vipi? Akiwa London, Ranganathan aliona dukani vichezeo vya Meccano, ambavyo vipande vile vile huungwa kwa skrubu vikawa gari leo na winchi kesho. Akawaza kuwa hata mada ya kitabu yaweza kuundwa hivyo. Katika mpango wake wa mwaka 1933, uitwao Colon Classification, namba ya kitabu huunganishwa kwa vipande: kiungo cha mwili, ugonjwa, tiba, nchi, wakati. Kwa njia hiyo kila upande wa mada huonekana, na mtafiti hutambua mahali kazi yake inapogusana na ya mwenziwe.

Mpango huo haukuenea sana nje ya Bara Hindi, maana alama zake ni ndefu, na maktaba nyingi zilibaki na mpango wa Dewey. Hata hivyo, wazo lake la kuigawa mada katika pande zake limewafunza wakutubi wa nchi nyingi.

Aliondoka Madras mwaka 1944, baada ya miaka 20. Mwaka 1956 alikitolea chuo kikuu hicho rupia 100,000 ili kianzishe kiti cha uprofesa wa ukutubi kwa jina la mkewe, Sarada. Mwaka 1962 alianzisha kituo cha utafiti na mafunzo huko Bangalore, na katika mji huo alifariki Septemba 27, 1972, akiwa na umri wa miaka 80.

Nami niliacha kujivunia funguo. Nikanunua daftari, nikaandika kila mwalimu na jambo analolitafuta, na kila nilipoona wawili wanafuata njia moja niliwaomba ruhusa, nikawajulisha. Basi msomaji, ukiingia maktabani usiishie kuomba kitabu. Mwambie mkutubi unachochunguza. Huenda mwenzako ameketi meza ya pili, anakitafuta hicho hicho.