Mkwawa na Vita vya Panzi

Msafiri atokaye Makambako, penye kituo cha reli ya TAZARA, akashika barabara ya kusini kwenda Njombe na hatimaye Ludewa kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma, hupita katika nchi iliyotulia. Haikuwa hivyo siku zote. Katika karne ya 19 Wabena, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wamebanwa kati ya nguvu mbili: Wangoni upande wa kusini na Wahehe upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo yafaa kuyatazama upya maisha ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ndugu zetu wa Visiwani humfahamu kwa vita vyake na Wajerumani. Lakini vita hivyo vilitanguliwa na vingine visivyotajwa sana, yaani vita vya Wahehe wenyewe kwa wenyewe.

Mkwawa alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha tawala ndogo ndogo za Uhehe kuwa dola moja. Hata hivyo, watu walimtii Munyigumba mwenyewe. Haukuwapo bado utaratibu wa kurithiana uliokubaliwa na wote. Alipofariki mwaka 1879, Mwambambe, aliyekuwa mkwewe na mmoja wa wakuu wake, aliutaka utawala, na Mkwawa ikambidi akimbilie Ugogo. Nchi ikagawanyika. Baadaye Mkwawa alirejea, na katika mapigano ya mwisho Mwambambe akauawa. Mahali hapo pakaitwa Ilundamatwe, maana yake mahali vilipolundikwa vichwa. Jina hilo latosha kueleza gharama ya ugomvi wa urithi.

Ushindi ule ulimpa Mkwawa nchi moja yenye nguvu. Alijenga ngome Kalenga, na tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi lake lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Lakini umoja uliofumwa kwa mkuki una nyufa zake, na Wajerumani walijua kuzitafuta. Kalenga ilitekwa mwezi Oktoba 1894. Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake ulikuwa umenyang'anywa nchi na Wahehe, alisimama upande wa wageni. Mwezi Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ili wapate kuupasua Uhehe kutoka ndani. Mwezi Februari 1897 walimnyonga, kwa kumshuku kwamba alikuwa akimsaidia nduguye. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa bunduki huko Mlambalasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954.

Wasomaji wa Visiwani wasidhani kwamba habari hizi ni za Bara peke yake. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi. Mwaka 1859 Barghash alimwasi nduguye Majid, na uasi ule ukazimwa kwa msaada wa Waingereza. Mwaka 1861 ni Waingereza hao hao waliokata shauri la kuitenga Unguja na Oman. Waliogombana walikuwa ndugu. Aliyeamua alikuwa mgeni.

Sisi tuliokabidhiwa madaraka, katika kata, wilaya au wizara, hatuna budi kuyazingatia haya. Uongozi ni amana. Mfarakano wa taifa hauanzi siku silaha zinapotolewa. Huanza pale kanuni za kupokezana madaraka zinapoachwa bila kueleweka, na pale anayeshindwa anapokosa nafasi ya kubaki nyumbani kwa heshima. Mkwawa aliikosa nafasi hiyo alipokimbilia Ugogo, naye Mwambambe aliikosa pia. Kanuni hizo ziwekwe na ziheshimiwe wakati wazee wangali hai na nchi ingali na amani, kwa maana msiba ukishaingia, kila upande husikiliza hasira yake tu.

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wa mwaka 1896 alikuja na bunduki na kiti cha enzi cha kuazima. Wa leo anaweza kuja kwa sura nyingine, lakini mlango anaoutafuta ni ule ule.