Gilbert N. Lewis

Gilbert Newton Lewis (Oktoba 1875 – 23 Machi 1946) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa michoro ya nukta za elektroni, inayotumika shuleni hadi leo kuonyesha jinsi atomi zinavyoungana kuwa molekuli.

Maisha

Alizaliwa Weymouth katika jimbo la Massachusetts. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1899, kisha akaendelea na masomo Leipzig na Göttingen nchini Ujerumani. Kuanzia mwaka 1912 aliongoza kitivo cha kemia cha Chuo Kikuu cha California huko Berkeley.

Michoro ya nukta

Mwaka 1902, alipokuwa akifundisha, Lewis alichora atomi kama mchemraba wenye elektroni kwenye pembe zake nane. Michemraba ilitosha kueleza bondi moja na bondi mbili, lakini ilishindwa kueleza bondi tatu, kama ile ya nitrojeni. Katika makala ya mwaka 1916 alieleza kwamba bondi ni jozi ya elektroni ambayo atomi mbili huitumia kwa pamoja. Jozi hiyo aliichora kwa nukta mbili kati ya alama za elementi.

Kwa mfano, katika molekuli ya maji oksijeni ina elektroni 6 za mzingo wa nje na kila hidrojeni ina 1, jumla 8. Jozi mbili huchorwa kati ya oksijeni na hidrojeni zake. Jozi mbili zilizobaki hukaa kwenye oksijeni peke yake. Hivyo oksijeni huzungukwa na elektroni 8, na kila hidrojeni na 2.

Michoro hiyo ina mipaka. Katika molekuli ya oksijeni huonyesha elektroni zote zikiwa katika jozi, ilhali oksijeni huvutwa na sumaku kwa sababu ina elektroni mbili zisizo na jozi.

Tuzo na kifo

Irving Langmuir aliieneza nadharia hiyo na kuanzisha jina la bondi kovalenti mwaka 1919, hata wengi wakadhani nadharia yenyewe ni yake. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932, kwa utafiti mwingine. Harold Urey, mwanafunzi wa Lewis, aliipata mwaka 1934. Lewis mwenyewe alipendekezwa mara nyingi lakini hakuipata kamwe.

Alifariki katika maabara yake huko Berkeley, akiwa kazini. Michoro yake huitwa pia miundo ya Lewis.